Wapinzani wa Jana, Jezi Moja Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ligi za Kriketi za Franchaizi

Anayeanza kuifuatilia kriketi hukwama mahali pamoja. Leo anamwona Mwaustralia na Mhindi wakitoleana macho kwenye mechi ya mataifa. Baada ya wiki chache anawakuta wamevaa jezi moja, mmoja kamrukia mwenzake mgongoni kwa furaha ya wiketi, yaani kumtoa mpigaji wa upande wa pili. Anajiuliza: hawa si juzi tu walikuwa hawapikiki chungu kimoja? Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila msimu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu visa vyenyewe ni vitamu, na mengine kwa mistari michache kwa kuwa hayana zaidi.

Ligi ya franchaizi ni nini hasa?

Ni ligi ambayo timu zake ni mali ya watu au kampuni zilizonunua haki ya kuziendesha. Mchezaji haingii kwa sababu amezaliwa mahali fulani. Anaingia kwa sababu kuna mtu amekubali kumlipa. Kubwa kuliko zote ni Ligi Kuu ya India, IPL, iliyoanza Aprili 2008. Zikafuata nyingine nyingi: BBL ya Australia mwaka 2011, CPL ya Karibiani mwaka 2013, PSL ya Pakistan mwaka 2016, kisha mwaka 2023 zikaja SA20 ya Afrika Kusini, ILT20 ya Falme za Kiarabu na MLC ya Marekani. Karibu zote huchezwa kwa mtindo wa T20, yaani kila timu inapewa ova 20, kila ova mipira sita, na mambo yanaisha jioni hiyo hiyo.

Kila ligi ina kikomo chake cha wageni. IPL inaruhusu wanne tu uwanjani kati ya wachezaji kumi na mmoja. ILT20 imefungua mlango hadi tisa, kwa hiyo huko unaweza kukuta timu ambayo ni mkutano mdogo wa mataifa.

Nani anaamua mchezaji fulani awe timu moja na hasimu wake?

Mara nyingi, si mchezaji. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani watu hawa wamepatana kwanza ndipo wakaamua kucheza pamoja. Kwenye IPL kuna mnada. Mchezaji anaandikisha jina na bei yake ya kuanzia, kisha anakaa mbele ya runinga kama wewe na mimi, akisubiri ni meza gani itainua kibao. Kibao kikishuka na nyundo ikigonga, ameuzwa. Akikuta kwenye timu hiyo kuna mtu aliyemtukana mwaka jana, hiyo ni shida yake na huyo mtu.

Ligi nyingine hutumia mfumo wa timu kuchagua kwa zamu. Lakini kanuni ni ile ile: mwenye timu anatafuta mrushaji wa ova za mwisho au mpigaji wa kufungua, hatafuti marafiki.

Mfano mzuri ni wa mwaka 2023. Tarehe 19 Novemba, Australia iliifunga India katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Ahmedabad, mbele ya uwanja uliojaa jezi za buluu. Nahodha Pat Cummins alikuwa ameshasema kabla ya mechi kwamba hakuna raha kama kuunyamazisha umati mkubwa, na akaunyamazisha kweli. Travis Head akafunga mikimbio 137 (mikimbio ndiyo pointi za kriketi). Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 19 Desemba, mnada wa IPL ukafanyika Dubai. Cummins akanunuliwa na Sunrisers Hyderabad kwa rupia milioni 205. Head naye akachukuliwa na timu hiyo hiyo kwa milioni 68. Watu wawili walioliza nchi nzima wakapewa jezi ya rangi ya chungwa na wimbo wa kuwakaribisha.

Mambo haya yalianza na IPL?

Hapana. IPL iliongeza fedha na kelele, lakini jambo lenyewe ni la zamani. Kuanzia mwaka 1968 timu za kaunti za Uingereza zilipata ruhusa pana ya kusajili wageni, na matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Pale Hampshire, Barry Richards wa Afrika Kusini na Gordon Greenidge mzaliwa wa Barbados walifungua upigaji pamoja na kutwaa ubingwa wa mwaka 1973. Mmoja alikuwa mzungu kutoka nchi ya ubaguzi wa rangi iliyokuwa imetengwa na kriketi ya dunia. Mwingine alikuwa kijana mweusi aliyekuja kuwa nguzo ya West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibiani. Nchi zao hazikuwa zikichezeana kabisa, ila wao walikuwa wakikimbia mikimbio wakipishana katikati ya uwanja, kila mmoja akimwamini mwenzake kwamba "njoo" ni njoo kweli.

Pale Somerset, Viv Richards na Joel Garner wa West Indies walicheza na Ian Botham, ambaye akivaa jezi ya Uingereza alikuwa anatandikwa na watu hao hao. Klabu ilipowaacha Richards na Garner mwaka 1986, Botham naye akaondoka kwa kuwaunga mkono.

Kaunti ilikuwa ndoa ya miaka. IPL ni miezi miwili, tena ya usafiri wa ndege kila baada ya siku mbili tatu.

Msimu wa kwanza wa IPL ulikuwaje?

Kama unataka picha moja ya kila kitu kinachozungumzwa kwenye ukurasa huu, tazama mpira wa mwisho wa fainali ya tarehe 1 Juni 2008. Rajasthan Royals, timu iliyobezwa na wengi, ilikuwa inakimbiza mikimbio 164 dhidi ya Chennai Super Kings. Nahodha alikuwa Shane Warne wa Australia, na alikuwa kasimama upande wa pili wa wiketi. Aliyekuwa anapiga ni Sohail Tanvir wa Pakistan, mrushaji aliyemaliza msimu na wiketi nyingi kuliko wote. Tanvir akaupiga mpira wa mwisho, wakakimbia, ubingwa ukaenda Jaipur, nyumbani kwa Rajasthan. Mpakistani na Mwaustralia wanashangilia, na India inalia kwa furaha pamoja nao.

Picha hiyo haikujirudia. Sababu nimezieleza chini.

Harbhajan Singh na Andrew Symonds waliwezaje?

Hiki ndicho kisa kinachoulizwa kuliko vyote. Januari 2008, kwenye mechi ya Test (mechi ndefu ya mataifa, ya hadi siku tano) mjini Sydney, Harbhajan wa India alishtakiwa kwamba alimwita Symonds wa Australia nyani. Akafungiwa mechi tatu, India ikachachamaa, ziara nzima ikatishia kuvunjika, na baada ya rufaa adhabu ile ikafutwa akatozwa faini kwa kosa dogo zaidi. Harbhajan alikana siku zote. Symonds aliamini hakutendewa haki. Wiki chache baadaye Symonds akawa mmoja wa wachezaji ghali kabisa wa mnada wa kwanza wa IPL, akienda Deccan Chargers kwa dola milioni 1.35.

Mwaka 2011 wakajikuta wote Mumbai Indians. Wote wawili waliwahi kusimulia baadaye kwamba walikaa, wakazungumza, wakamaliza. Symonds alipofariki kwa ajali ya gari Mei 2022, Harbhajan alikuwa miongoni mwa waliomlilia hadharani.

Maoni yangu ni kwamba IPL haiwezi kujisifu kwa hili. Mnada ndio uliowaweka kwenye basi moja. Kuomba radhi na kupokea radhi ni kazi ya watu wawili, na wangeweza kabisa kumaliza msimu wakisalimiana kwa kichwa tu.

Na Ashwin na Buttler?

Hawa walikuwa na ugomvi wa aina nyingine, wa sheria na heshima. Machi 2019, Ravichandran Ashwin wa India, nahodha wa Kings XI Punjab, alikuwa anakuja kurusha. Jos Buttler, Mwingereza wa Rajasthan, aliyekuwa upande wa mrushaji, akavuka mstari mapema kidogo. Ashwin hakurusha. Aliivunja wiketi, yaani aliangusha vijiti vya upande huo Buttler akiwa nje ya mstari, Buttler akatolewa akiwa na mikimbio 69, Rajasthan ikaporomoka na kupoteza mechi kwa mikimbio 14. Buttler alitoka akiwa amevimba kwa hasira. Nusu ya dunia ya kriketi ikamwita Ashwin mjanja wa mchana kweupe, nusu nyingine ikasema sheria ni sheria.

Mnada wa 2022 ukamleta Ashwin Rajasthan. Msimu huo Buttler akafunga mikimbio 863, akifikisha mia katika mechi nne, Ashwin akawa anarusha ova za katikati, timu ikafika fainali. Mwaka huo huo kanuni yenyewe ikahamishwa kutoka kifungu cha mchezo usio wa haki hadi kifungu cha kawaida cha mpigaji kutolewa akiwa nje ya mstari wake (run out). Yaani hata vitabu vilimfuata Ashwin alikokuwa amesimama.

Kuna waliokuwa timu moja kwanza, kisha wakaumizana?

Steve Smith wa Australia na Jofra Archer wa Uingereza. Aprili na Mei 2019 walikuwa pamoja Rajasthan, Smith akipewa unahodha katikati ya msimu. Agosti mwaka huo huo, pale Lord's, Archer akiwa na jezi nyeupe ya Uingereza alimrushia Smith mpira mfupi, wa kasi ya zaidi ya kilomita 145 kwa saa, uliodunda ukampata shingoni chini ya kofia. Smith akaanguka kifudifudi. Uwanja ukanyamaza. Alirudi kupiga siku hiyo hiyo, lakini hakucheza ngwe ya pili (zamu ya pili ya kupiga), na Marnus Labuschagne akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya Test kuingia badala ya mwenzake aliyepata mtikisiko wa ubongo.

Mwaka uliofuata, IPL ilipochezwa Falme za Kiarabu kwa sababu ya korona, nahodha wa Rajasthan alikuwa Smith, na mtu aliyekuwa akimpa mpira mpya mkononi ni Archer. Archer akamaliza msimu akiwa mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote wa ligi. Jambo ambalo kamera haikuweza kutuonyesha ni mazoezi ya neti. Sijui kama kuna mtu anayeweza kusimama mbele ya mrushaji aliyemwangusha hivyo bila shingo kukumbuka.

Kwa wanawake hali ikoje?

Huku kuna kisa ambacho, kwangu, kinavipita vyote vya wanaume.

Tarehe 24 Septemba 2022, pale Lord's, India ilikuwa inacheza na Uingereza. Charlie Dean alikuwa anaivuta Uingereza taratibu kuelekea ushindi akiwa na mpigaji wa mwisho. Deepti Sharma akaja kurusha, Dean akatoka kwenye mstari, Deepti akageuka na kuvunja wiketi. Mechi ikaisha hapo hapo, India ikashinda kwa mikimbio 16. Dean alilia uwanjani. Heather Knight, nahodha wa Uingereza ambaye hakucheza siku hiyo kwa kuwa alikuwa majeruhi, alijitokeza baadaye kupinga madai ya Wahindi kwamba Dean alikuwa ameonywa kwanza.

Sasa ruka hadi Agosti 2024. Uwanja ni ule ule wa Lord's. Ni fainali ya The Hundred, ligi ya Uingereza ya mipira mia kwa kila timu. London Spirit inacheza na Welsh Fire. Nahodha wa London Spirit ni Heather Knight. Charlie Dean yumo kikosini. Na anayepiga sita (pigo la mikimbio sita, mpira ukivuka ukingo bila kudunda) ya kuwapa ubingwa ni Deepti Sharma. Ni uwanja ule ule ambao Dean alilia miaka miwili nyuma.

Ligi ya wanawake ya India, WPL, ilianza Machi 2023 ikiwa na timu tano. Mumbai Indians ilitwaa kombe la kwanza chini ya Harmanpreet Kaur, na aliyewavusha kwenye fainali kwa mikimbio 60 bila kutolewa ni Nat Sciver-Brunt wa Uingereza. Wanawake pia wana uhuru ambao wanaume wa India hawana: Harmanpreet na Smriti Mandhana walikwenda kucheza BBL ya wanawake Australia tangu msimu wa 2016, na hakuna aliyewazuia.

Wakirudi kwenye timu za taifa, hawalegezi kamba?

Michael Clarke, nahodha wa zamani wa Australia, alidai mwaka 2020 kwamba wachezaji wa nchi yake walikuwa wakiogopa kumpigia vijembe Virat Kohli, nahodha wa India wakati huo, wasije wakaharibu mikataba yao ya IPL. Tim Paine na Pat Cummins wakakanusha. Vijembe pengine vimepungua kweli. Ni vigumu kumtukania mama mtu ambaye mama yake alikupikia. Lakini vijembe ni kitu kimoja na kucheza ni kitu kingine.

Tazama David Miller na Hardik Pandya wa India.

Tarehe 24 Mei 2022, Kolkata. Gujarat Titans wako kwenye mechi ya kuwania nafasi ya fainali dhidi ya Rajasthan. Nahodha Hardik yuko wiketini na Miller wa Afrika Kusini. Ova ya mwisho, wanahitaji mikimbio 16. Miller anapiga mpira wa kwanza: sita. Wa pili: sita. Wa tatu: sita. Kwisha. Hardik anamkimbilia na kumkumbatia, na siku tano baadaye wanainua kombe pamoja.

Tarehe 29 Juni 2024, Bridgetown, Barbados. Fainali ya Kombe la Dunia la T20, India na Afrika Kusini. Ova ya mwisho. Afrika Kusini inahitaji mikimbio 16, ni idadi ile ile. Anayepiga ni Miller. Anayerusha ni Hardik.

Mpira wa kwanza unakuja mbali kidogo na mpigaji, bila kudunda. Miller anauinua moja kwa moja, kama vile alivyoinua ule wa Kolkata. Suryakumar Yadav anakimbia ukingoni, anaudaka, anauona mguu wake unavuka kamba, anaurusha juu, anatoka nje, anarudi ndani, anaudaka tena. Miller ametoka. India inashinda kwa mikimbio saba. Hardik analia. Miller naye analia, upande wa pili wa uwanja.

Mtu aliyekwambia wamelegezeana kamba, mwonyeshe mpira huo mmoja. Hardik alijua kuliko mtu yeyote uwanjani Miller anaweza kufanya nini na mikimbio 16, kwa sababu alikuwa amesimama hatua chache akimwangalia akiifanya.

Je, siri za timu za taifa hazivuji?

Zinavuja sana tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukicheza na mtu miezi miwili unajua anapenda mpira wa wapi, anahangaika na upi, akikasirika anafanya nini. Zamani elimu hiyo ilikuwa mali. Siku hizi kila timu ina mchambuzi na video za kila mpira, kwa hiyo kilichobaki cha siri ni tabia zaidi ya ufundi.

Kinachonifurahisha zaidi ni makocha. Ricky Ponting, aliyewatesa Wahindi miaka nenda rudi, alichukua Delhi mwaka 2018 na mmoja wa vijana wake alikuwa Rishabh Pant. Januari 2021, Pant akafunga 89 bila kutolewa pale Gabba mjini Brisbane, uwanja ambao Australia haikuwa imefungwa tangu 1988, na India ikachukua mfululizo wa Test. Wasim Akram wa Pakistan naye aliwanoa warushaji wa Kolkata Knight Riders kwa misimu kadhaa, na Mohammed Shami wa India ni mmoja wa waliopita mikononi mwake.

Mbona Wapakistani hawamo IPL?

Walikuwemo mwaka 2008 tu: Tanvir, Shahid Afridi, Shoaib Akhtar, Misbah-ul-Haq, Kamran Akmal na wengine. Novemba mwaka huo yakatokea mashambulizi ya kigaidi ya Mumbai, yaliyofanywa na watu waliotoka Pakistan, na mlango ukafungwa. Kwenye mnada wa Januari 2010 waliorodheshwa Wapakistani kumi na mmoja, na hakuna meza hata moja iliyoinua kibao, ingawa miezi saba kabla Pakistan ilikuwa imetwaa Kombe la Dunia la T20. Azhar Mahmood alikuja kuingia mwaka 2012, lakini kwa pasipoti ya Uingereza.

Hapa ndipo hadithi nzuri ya "michezo huunganisha" inapogonga ukuta. Ligi inaweza kuwapatanisha watu waliogombana uwanjani. Haiwezi kuwapatanisha watu ambao serikali zao hazitaki waonekane pamoja. Septemba 2025, kwenye Kombe la Asia mjini Dubai, wachezaji wa India walikataa hata kuwapa mkono wenzao wa Pakistan baada ya mechi. Wengi wa vijana wale hawajawahi kukaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo na mtu wa upande wa pili.

Inawezekana, lakini. Mwaka 2022, kwenye kaunti ya Sussex, Cheteshwar Pujara wa India na Mohammad Rizwan wa Pakistan walipiga pamoja dhidi ya Durham wakajenga zaidi ya mikimbio 150. Hakuna aliyekufa. Picha zao zilisambaa kwa sababu moja tu: watu walikuwa wamesahau jambo hilo linavyoonekana.

Na Wahindi mbona hawaonekani ligi za nje?

Bodi ya kriketi ya India hairuhusu mwanamume ambaye hajastaafu kriketi ya India, IPL ikiwemo, kucheza ligi ya nchi nyingine. Dinesh Karthik aliweza kucheza SA20 Januari 2025 kwa sababu alikuwa ameshastaafu. Ni sera ya kibiashara, na wanaoisema ni ya kulinda afya za wachezaji wanatania.

Mashabiki wanazoea haraka?

Wachezaji huzoea kwa siku tatu. Mashabiki huchukua muda, halafu wakipenda wamependa. AB de Villiers alicheza Royal Challengers Bangalore kuanzia 2011 hadi 2021, na mwaka 2016 yeye na Kohli walijenga mikimbio 229 pamoja katika mechi moja dhidi ya Gujarat Lions. Lakini kipimo cha kweli kilikuwa Novemba 2015, alipokuja Bangalore na Afrika Kusini kucheza Test yake ya mia moja. Uwanja wa nyumbani wa wapinzani ukawa unaimba jina lake: "A-B-D! A-B-D!" Waliokuwa wanarusha ni vijana wao wenyewe.

Darren Sammy wa St Lucia alikwenda mbali zaidi. Aliiongoza Peshawar Zalmi kutwaa PSL mwaka 2017, fainali iliyochezwa Lahore wakati wageni wengi walikuwa wanaogopa kwenda, na mwaka 2020 Pakistan ikampa uraia wa heshima.

Upande wa pili wa sarafu ni Hardik huyu huyu. Mwaka 2024 alirudi Mumbai Indians akapewa unahodha uliokuwa wa Rohit Sharma. Mashabiki wa Mumbai wakamzomea katika uwanja wao wenyewe wa Wankhede, nahodha wao wenyewe, Mhindi mwenzao. Head na Cummins wakati huo huo walikuwa wanashangiliwa Hyderabad. Head na Abhishek Sharma walifunga mikimbio 125 katika ova sita za kwanza dhidi ya Delhi bila kupoteza wiketi, na sidhani kama siku hiyo kulikuwa na mtu wa Hyderabad aliyekumbuka Ahmedabad.

Ligi haziundi uadui mpya?

Zinaunda, tena kati ya ndugu. Wiki moja tu baada ya IPL kuanza, Aprili 2008, Harbhajan alimzaba kofi Sreesanth baada ya mechi ya Mumbai na Punjab. Walikuwa wachezaji wenza kwenye timu ya taifa, waliotwaa Kombe la Dunia la T20 pamoja miezi michache kabla. Harbhajan akafungiwa msimu wote uliobaki.

Mei 2023 Kohli aligombana na Naveen-ul-Haq wa Afghanistan katika mechi ya Lucknow na Bangalore, Gautam Gambhir, mshauri wa Lucknow, akaingilia, ikawa vurugu. Miezi mitano baadaye, India na Afghanistan zilipokutana Delhi kwenye Kombe la Dunia, umati ukamzomea Naveen kila alipogusa mpira. Kohli akawaashiria mashabiki waache, kisha wawili hao wakakumbatiana. Gambhir naye alikuja kuwa kocha wa timu ya taifa ya Kohli.

Klabu ikigongana na taifa, nani anashinda?

Kanuni inasema taifa: mchezaji anahitaji barua ya ruhusa ya bodi yake. Hali halisi inategemea mfuko. Trent Boult aliomba mwenyewe kuachiwa mkataba wake wa New Zealand mwaka 2022 ili awe huru kucheza ligi za franchaizi.

Wachezaji wa nchi ndogo za kriketi wananufaika?

Pengine kuliko wote. Rashid Khan wa Afghanistan alinunuliwa na Sunrisers mwaka 2017 nchi yake ikiwa bado haijacheza Test hata moja. Akawa anakaa meza moja na wachezaji wakubwa wa Australia na New Zealand kila jioni. Huo ni ufahamu ambao ratiba ya kimataifa ya Afghanistan isingempa kwa miaka kumi.

Kwa wachezaji kama hawa, mtu anayekupinga mchana anaweza kuwa mwenzako kesho yake usiku, na si kwa kutia chumvi. Mei 2025 Sikandar Raza alikuwa Nottingham akiichezea Zimbabwe Test dhidi ya Uingereza. Mechi ikaisha Jumamosi, akiwa amefunga 60 siku hiyo. Jumapili jioni kulikuwa na fainali ya PSL mjini Lahore, na Lahore Qalandars walikuwa wanamsubiri. Akakimbilia uwanja wa ndege, akafika dakika chache kabla ya sarafu kurushwa, akavaa jezi. Mwisho wa mechi alikuwa wiketini na Kusal Perera wa Sri Lanka, akapiga mikimbio 22 kwa mipira saba, na pigo la ushindi likawa lake. Amezaliwa Sialkot, si mbali na hapo.